Irving Fisher: Bingwa wa takwimu za bei aliyefilisiwa na hisa

JINA la Irving Fisher halisikiki sana sokoni wala kwenye maegesho ya malori mipakani. Hata hivyo, kila mfanyabiashara anayetazama kasi ya kupanda kwa bei kabla ya kuchukua mkopo wa benki anatumia hesabu ambayo mchumi huyo wa Marekani aliiandika kwa kina tangu mwaka 1896.

Fisher alizaliwa mwaka 1867 na kufariki mwaka 1947. Wachumi wengi wanamweka miongoni mwa wataalamu wakubwa kabisa waliowahi kutokea Marekani. Alijenga vipimo vya bei, aliandika nadharia ya riba na alikuwa wa kwanza kuongoza chama cha kimataifa cha wachumi wanaotumia hisabati na takwimu.

Pamoja na elimu yote hiyo, soko la hisa lilipoporomoka Oktoba 1929 alikuwa amenunua hisa nyingi kwa fedha za mkopo. Mali iliyokadiriwa kufikia dola milioni 10 iliyeyuka, akabaki na madeni ambayo hakuweza kuyalipa hadi anaingia kaburini.

Maisha yake yana mafunzo kwa yeyote anayefanya biashara kwa kutegemea makisio, yawe ya bei ya mazao, ya nauli za mizigo au ya thamani ya fedha. Takwimu zake hazikuwa za kubuni. Kasoro ilikuwa katika kutopima utabiri wenyewe, na katika kuuwekea rehani mali ambayo hakuwa tayari kuipoteza.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Fisher alizaliwa Februari 27, 1867 katika mji mdogo wa Saugerties, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mchungaji, na alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1884, wakati kijana huyo akiwa na miaka 17 na akijiandaa kuingia Chuo Kikuu cha Yale. Ilimbidi afundishe wanafunzi wengine kwa malipo ili ajisomeshe na kumsaidia mama yake na mdogo wake.

Alipenda hisabati kuliko somo jingine lolote. Mwaka 1891 alipata shahada ya uzamivu, ya kwanza ya uchumi kutolewa na Yale, na mmoja wa walimu waliomwongoza alikuwa mwanafizikia maarufu Josiah Willard Gibbs. Miaka miwili baadaye alitengeneza mashine ya matangi na mabomba ya maji ili kuonyesha kwa macho jinsi bei za bidhaa mbalimbali zinavyosukumana mpaka zikatulia.

Mwaka huo huo wa 1893 alimwoa Margaret Hazard, binti wa familia tajiri yenye kiwanda cha vitambaa vya sufu huko Rhode Island. Ukwe huo ulimpa maisha ya raha. Baadaye ndio uliokuja kumwokoa asilale nje.

Mwaka 1898 alipandishwa cheo na kuwa profesa kamili. Mwaka huo huo aligundulika kuwa na kifua kikuu, ugonjwa uliomuua baba yake, na ilimchukua kiasi cha miaka mitatu kupona. Tangu hapo akawa mtu wa kampeni: alihimiza ulaji bora na mazoezi, akaunga mkono sheria ya kupiga marufuku pombe nchini Marekani. Aliunga mkono pia itikadi ya kuchagua nani anastahili kuzaa na nani hastahili, jambo ambalo limebaki kuwa doa katika historia yake.

HESABU ZA BEI NA RIBA

Mchango wake wa kwanza unaomgusa mfanyabiashara ni ule wa riba. Fisher alieleza kwamba riba inayoandikwa kwenye mkataba siyo gharama halisi ya mkopo. Gharama halisi hupatikana baada ya kutoa kasi ya kupanda kwa bei. Anayekopa kwa riba ya asilimia 18 wakati bei zinapanda kwa asilimia 6 analipa takriban asilimia 12 kwa thamani ya bidhaa zake. Bei zikianza kushuka, hesabu inageuka na mkopo uleule unakuwa mzito zaidi.

Mchango wa pili ni fahirisi za bei. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kikubwa kilichochambua njia nyingi za kupata wastani wa bei, akapendekeza kanuni ambayo hadi leo inabeba jina lake. Mwaka 1996 Marekani iliingiza kanuni hiyo katika hesabu za pato lake la taifa.

Kuanzia mwaka 1923 taasisi yake ilianza kutoa kila wiki fahirisi ya bei za jumla iliyochapwa na magazeti. Kwa mara ya kwanza mfanyabiashara wa kawaida wa Marekani aliweza kufungua gazeti na kuona kama bei kwa ujumla zimepanda au zimeshuka wiki hiyo.

Fisher hakuishia kupima yaliyopita. Mwaka 1925 alichapisha utafiti uliolinganisha mabadiliko ya bei na kiasi cha biashara kuanzia mwaka 1915 hadi 1923. Alikisia kwamba badiliko la bei la mwezi huu haliishii mwezi huu, bali athari yake husambaa miezi kadhaa mbele, ikipanda kisha ikififia. Alipoweka uzito kwa kila mwezi, mstari wa hesabu zake ulifuatana kwa karibu sana na mstari wa biashara halisi. Njia hiyo ya kusambaza athari kwa miezi inatumika hata leo.

Tatizo lilikuwa katika kipindi alichokichagua. Miaka ile ilikuwa ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, bei zilipoupiga juu kisha zikaanguka. Baada ya hapo bei za jumla Marekani zilitulia kwa miaka kadhaa. Kwa mtu aliyeamini kwamba hatari ya biashara huonekana kwanza kwenye bei za bidhaa, utulivu huo ulikuwa dalili kwamba mambo ni shwari. Kipimo chake hakikuwa na taa nyekundu kwa hatari inayotokea upande mwingine, yaani kwenye mikopo na hisa.

UTAJIRI WA KADI

Fisher alikuwa pia mvumbuzi. Alibuni njia ya kupanga kadi za kumbukumbu za ofisi ili mstari wa juu wa kila kadi uonekane bila kupekua rundo zima. Kwa ofisi za wakati huo, ambazo hazikuwa na kompyuta, hilo liliokoa muda mwingi wa makarani.

Alianzisha kampuni ya kuuza kadi hizo kwa mtaji uliotoka kwa familia ya mkewe. Mwaka 1925 kampuni hiyo iliunganishwa na mshindani wake, Kardex Rand, na Fisher akapata takribani dola 660,000. Kwa profesa wa chuo hicho kilikuwa kiasi kikubwa mno. Mwaka 1927 kampuni iliyotokana na muungano huo iliingia katika Remington Rand, kampuni kubwa ya mashine za ofisi.

Kama angeziacha fedha hizo benki, angeishi vizuri hadi uzeeni. Lakini soko la hisa la New York lilikuwa likipanda, na Fisher aliamini kwamba kupanda huko kuna msingi. Alikopa ili kununua hisa zaidi za Remington Rand na za kampuni nyingine.

Kununua hisa kwa mkopo kunaongeza faida bei zinapopanda, na kunaongeza hasara kwa kiwango kilekile zinaposhuka. Mtu mwenye dola 1,000 akikopa 1,000 nyingine na kununua hisa za dola 2,000, bei ikipanda kwa nusu mtaji wake unakuwa maradufu. Bei ikishuka kwa nusu, mtaji wake wote umekwisha na deni lipo palepale. Kwa kawaida mkopeshaji hasubiri hadi hapo: anadai fedha zaidi, na zisipopatikana anauza hisa hizo kwa bei yoyote ya sokoni.

OKTOBA 1929

Wastani wa Dow Jones wa hisa za viwanda ulifika kilele chake, pointi 381.17, Septemba 3, 1929. Siku mbili baadaye mtabiri wa masoko Roger Babson alionya kwamba anguko linakuja. Fisher alimpinga hadharani.

Katikati ya Oktoba, akizungumza jijini New York mbele ya wanunuzi wa makampuni, Fisher alieleza kuwa bei za hisa zimefika kwenye uwanda wa juu ambao hazitashuka tena. Kauli hiyo ndiyo inayokumbukwa zaidi kuliko vitabu vyake vyote.

Hakuwa akibahatisha ovyo. Alikuwa na hoja zenye takwimu: faida za makampuni zilikuwa zimeongezeka, viwanda vilikuwa na maabara za utafiti, uzalishaji wa kila mfanyakazi ulipanda na bei za bidhaa zilikuwa tulivu. Kila hoja ikichukuliwa peke yake ilikuwa na ushahidi. Zilichokosa ni jaribio la kuonyesha kwamba hoja za aina hiyo, zikitumika huko nyuma, ziliwahi kumwezesha mtu kujua soko linaelekea wapi.

Oktoba 28 wastani huo ulianguka kwa karibu asilimia 13. Kesho yake ulianguka tena kwa karibu asilimia 12. Fisher aliendelea kusema kwamba soko litarudi, na mwaka 1930 akatoa kitabu kizima kutetea msimamo wake. Ilipofika Julai 8, 1932, wastani ulikuwa pointi 41.22. Kwa kila dola 100 za kilele zilibaki chini ya dola 11.

Mkopeshaji wake mkubwa alikuwa shemeji yake, Caroline Hazard, dada wa mkewe na aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo cha Wellesley. Deni hilo lilifikia mamia ya maelfu ya dola, na Fisher hakuweza kulimaliza. Hata nyumba yake ya New Haven ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Yale, kisha akawa mpangaji ndani yake.

MGONJWA ALIYEPIMA WATABIRI

Wakati Fisher akihangaika na madeni, mtu mwingine alikuwa akijiuliza swali ambalo wengi hawakuwahi kulijibu kwa hesabu. Alfred Cowles alitoka katika familia yenye hisa katika gazeti la Chicago Tribune. Kama Fisher, aliugua kifua kikuu, na alikuwa akiishi Colorado Springs kwa ajili ya hewa ya milimani. Kazi yake ilikuwa kusimamia fedha za familia, na kwa hiyo alilipia majarida kadhaa ya ushauri wa hisa.

Anguko la 1929 lilimwonyesha kwamba washauri hao hawakuliona likija. Badala ya kulalamika, Cowles aliamua kuwapima. Alimtafuta mtaalamu wa hisabati, Harold Davis, kisha Fisher akaandikiwa barua. Chama cha Ekonometria kilikuwa kimeanzishwa Desemba 1930 mjini Cleveland, na Fisher alikuwa rais wake wa kwanza. Kilikuwa na wasomi bila fedha. Cowles alikuwa na fedha. Mwaka 1932 ikazaliwa Tume ya Cowles ya utafiti wa uchumi, na Januari 1933 likatoka toleo la kwanza la jarida la Econometrica.

Matokeo ya kipimo cha Cowles yalichapishwa katika jarida hilo Julai 1933. Alichukua kampuni 16 za ushauri na mapendekezo yao 7,500 kuhusu hisa moja moja, kuanzia Januari 1928 hadi Julai 1932, akakokotoa mtu angepata nini kama angefuata kila pendekezo. Kwa wastani angepata pungufu ya soko kwa asilimia 1.43 kwa mwaka. Kampuni 20 za bima ya moto, zilizowekeza fedha zao zenyewe, nazo zilipitwa na soko kwa asilimia 1.20 kwa mwaka.

Alimpima pia William Peter Hamilton, mhariri wa Wall Street Journal aliyesifika kwa kusoma mwelekeo wa soko kwa nadharia ya Dow. Kwa miaka 26 hadi 1929, aliyemfuata Hamilton angepata asilimia 12 kwa mwaka. Aliyenunua hisa na kuziacha tu angepata asilimia 15.5. Kati ya mara 90 ambazo Hamilton alibadili msimamo, 45 zilikuwa sahihi na 45 si sahihi, sawa na kurusha sarafu.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyokuwa mpya. Kati ya watabiri 24 wa soko zima, wachache walionekana kufanya vizuri. Cowles alitaka kujua kama hao ni mahodari au ni bahati tu. Akabuni watabiri wa kufikirika ambao kila uamuzi wao ulitokana na kuokota kadi bila kutazama. Aliyekuwa bora kati ya watabiri wa kadi alifanya vizuri sawa na mtabiri halisi aliyekuwa bora. Kwa maneno mengine, ukikusanya watu wengi wanaobahatisha, lazima atokee mmoja anayeonekana bingwa.

Kipimo hicho kilikosekana katika hoja za Fisher. Yeye aliuliza kama hesabu zake zinalingana na yaliyopita. Cowles aliuliza mambo mawili zaidi: ushauri ulitoa nini baada ya kutolewa, na je, bahati peke yake isingetoa vilevile?

SOMO LA DENI

Ni sifa ya Fisher kwamba hakukimbia jarida lililochapisha matokeo hayo. Oktoba 1933, miezi mitatu tu baada ya makala ya Cowles, Econometrica ilichapisha makala ya Fisher kuhusu madeni na kushuka kwa bei. Wengi sasa wanaiona kuwa miongoni mwa kazi zake bora.

Maelezo yake yanaeleweka kwa mfano wa gunia. Chukua mfanyabiashara wa mahindi anayedaiwa shilingi milioni 10 wakati gunia ni shilingi 50,000. Deni lake ni magunia 200. Wadaiwa wote wakibanwa kwa wakati mmoja, kila mmoja anauza haraka na bei inashuka hadi shilingi 40,000. Hata akijitahidi kulipa milioni 1, zile milioni 9 zilizobaki ni sawa na magunia 225. Amelipa, lakini mzigo umeongezeka.

Fisher alieleza kwamba hivyo ndivyo uchumi mzima unavyoweza kudidimia: mauzo ya kulazimishwa yanashusha bei, bei zikishuka madeni yanakuwa mazito, na uzito huo unaleta mauzo mengine ya kulazimishwa. Aliitaka serikali ipandishe bei kurudi zilipokuwa, na mwaka 1933 aliunga mkono hatua ya Rais Franklin Roosevelt ya kuitoa dola kwenye dhahabu. Wakati huo wachache walimsikiliza, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshaharibiwa na kauli ya 1929.

Swali lililobaki ni kama mtu mwingine, mwenye hesabu bora, angeliona janga hilo. Washindani wake wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa na chati za mistari mitatu, wa hisa, wa biashara na wa fedha. Nao walishindwa, na huduma yao ya utabiri ikafungwa. Mwaka 1988 wachumi Kathryn Dominguez, Ray Fair na Matthew Shapiro walichukua takwimu zilizokuwepo enzi zile na kuziingiza katika modeli za kisasa za kompyuta. Modeli hizo pia hazikuweza kutabiri Mdororo Mkuu.

Hivyo kosa la Fisher halikuwa kukosa akili wala kukosa vifaa. Makisio yanaweza kukosewa na yeyote. Kilichotofautisha aliyejeruhiwa na aliyefilisika kilikuwa deni. Mwenye lori aliyekisia vibaya msimu wa mavuno atapata safari chache mwaka huo. Aliyekopa kununua malori matano kwa makisio hayohayo anaweza kuyapoteza yote kabla ya msimu unaofuata. Anayeuza makisio kwa sifa za mafanikio yake ya nyuma anapaswa kuulizwa maswali ya Cowles kabla ya kulipwa.

Fisher alistaafu Yale mwaka 1935 na kuendelea kuandika. Alifariki New York Aprili 29, 1947 akiwa na miaka 80. Mwaka 1955 Tume ya Cowles, iliyokuwa imehamia Chicago mwaka 1939, ilihamishiwa Yale na kuendelea na kazi katika chuo alichofundisha maisha yake yote.

Soko lenyewe lilirudi kama alivyosema, ila siyo kwa muda aliousema. Wastani wa Dow Jones ulifikia tena kiwango cha Septemba 1929 mwezi Novemba 1954, baada ya miaka 25. Asiyedaiwa na mtu aliweza kungoja, huku akipokea gawio. Fisher alikuwa ameshafariki miaka saba kabla, na hisa zake alikuwa hana tena.